Ubongo wa Tangi la Mama Mkwe

Jumamosi, 3 Mei

Siku ya kihistoria! Naandika haraka kabla sijapoa.

Tangi la maji la mama mkwe limefurika tena. Ni lile tangi jeusi lililo juu ya paa, linajazwa na pampu iliyo uani. Pampu ikiwashwa, mtu akasahau kuizima, maji yanavuka ukuta na kumwagikia jirani yake, fundi cherehani. Safari hii yamelikuta koti la bwana harusi kwenye kamba. Fundi amekuja mlangoni amelishika kwa vidole viwili, linachuruzika, akaeleza kwa upole mno kwamba alilishona la mtu mzima na sasa linamtosha mwanasesere.

Mama mkwe akasema pole, akaona haya kwelikweli, akaweka birika jikoni. Fundi akakaa. Wakazungumza habari za mvua kwa muda mrefu kuliko mvua yenyewe. Sijui kwa nini Mama alikuwa amevaa gauni lake la kutokea kwa ajili ya kulalamikiwa.

Fundi alipoondoka, Mama akatugeukia sisi wakwe zake wawili. Mmoja ni mimi. Wa pili ni mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, ambaye anatengeneza mafriji na ambaye dunia nzima inamwita Baridi. Mama akasema koti la watu limemuumiza moyo. Yule kati yetu atakayelifanya tangi lisimwage maji, kufikia Jumapili ya wiki ijayo, atapewa chumba cha mbele afanyie kazi zake.

Chumba cha mbele! Kile chenye dirisha la barabarani! Tangu nioe nakitolea macho. Baridi anakitaka kwa ajili ya kurundika mafriji mabovu. Mimi nakitaka kwa ajili ya Kituo cha Uvumbuzi. Kibao cha jina nimeshakiandika kwa rangi tano, kwa kuwa kazi yangu ni kuchanganya rangi dukani na mabaki ya makopo huwa yanatupwa.

Baridi akasema, kwa sauti yake ile ya mtu asiyewahi kuchelewa popote, kwamba yeye atafunga boya. Boya tu! Kidubwasha kinachoelea! Na watu wakakubali kwa vichwa. Ndipo nikausikia mdomo wangu ukitangaza kwamba mimi nitalitengenezea tangi ubongo.

Mke wangu akafumba macho.

Jumapili, 4 Mei

Nimeupata Ubongo.

Muuzaji wa vifaa vya elektroniki ameniletea kibao cha kijani, ukubwa wa biskuti, ubavuni kina safu mbili za vijiti vya chuma. Akasema hivyo ni pini. Akasema kila pini lazima uiambie mapema kazi yake. Hii ni ya kuingiza: inatulia na kusikiliza kama kuna umeme unaoletwa kutoka nje. Ile ni ya kutoa: yenyewe ndiyo inayopeleka umeme nje, iwashe taa, iwashe pampu, iwashe chochote. Ukikosea kuiambia utajuta. Nilikuwa naitikia kwa heshima zote huku nikiwaza mlango wa Kituo uwe bluu au chungwa.

Akanipa na karatasi ya maelekezo. Nimeitia mfukoni. Maelekezo ni ya wasio na kipaji.

Nyumbani nikateka meza ya jikoni na kompyuta ya mke wangu. Nikachukua programu ya majaribio iliyokuja na kibao, nikaipakia. Kitaa kidogo kikawaka. Kikazima. Kikawaka! Nilipiga ukelele, mke wangu akaja mbio na mwiko mkononi akidhani nimeungua. Nikamwonyesha. Akakitazama kitaa kidogo, akasema ni kizuri, akauliza maji yako wapi hapo. Hana subira ya kisayansi.

Nimempigia simu Baridi kumjulisha kwamba taa yangu inawaka. Akasema hongera, hata ya kwake ya sebuleni inawaka. Nimekata simu.

Jumatatu, 5 Mei

Pigo.

Leo ilikuwa zamu ya kitufe. Mpango ni huu: kabla ya kupanda juu ya paa, najaribu mezani. Kitufe kinasimama badala ya tangi. Nikibonyeza, Ubongo unajua maji yamejaa. Swali likawa, pini ya kitufe niiite ya kuingiza au ya kutoa? Nikatuliza akili. Kitufe kinafanya nini? Kinatoa habari. Kwa hiyo pini yake ni ya kutoa. Mantiki safi kabisa! Nikaandika hivyo, nikaiamuru pini iwe na umeme, nikaunganisha waya, nikabonyeza.

Moshi mwembamba, kama wa udi wa maskini. Harufu ya kitana kilichoangukia jiko. Pini hiyo haijasema neno tangu wakati huo na naona haitasema tena.

Mke wangu alifungua dirisha bila maneno. Kisha akayapata maneno.

"Kuingia ni kuingia kwa nani, mume wangu? Kwako au kwa hicho kibao?"

Nikamwambia swali lake ni la kifalsafa.

"Ni kwa kibao," akasema. "Habari inatoka kwenye kitufe, inaingia kwenye kibao. Ni ya kuingiza. Wewe umekifanya kibao kisukume umeme, halafu ukabonyeza ukaufungulia njia ukimbie wote kwa mpigo mmoja."

Nikamjibu kwamba hilo ndilo nililotaka kulithibitisha. Nashukuru Mungu kibao kina pini nyingi.

Kazini kichwa kilikuwa bado kwenye moshi. Mteja aliomba rangi ya maziwa kwa chumba cha mwanawe mchanga, nikamchanganyia kijani cha magari ya jeshi. Bosi ameniuliza kama mtoto huyo anatarajiwa kwenda vitani.

Jumatano, 7 Mei

Nimefanya uvumbuzi kwa bahati mbaya! Wakubwa wote huanza hivyo.

Nimehamia pini nyingine na nimeiita ya kuingiza, sawasawa. Nimeichomekea waya mrefu ambao upande wa pili bado haujafika popote. Na tazama: nikisogeza mkono, taa inawaka! Nikirudi nyuma, inazima. Mke wangu akipita na beseni, inawaka na kuzima kama mtu anayekonyeza. Shemeji yangu, mke wa Baridi, alikuja kuazima chujio, taa ikachanganyikiwa kabisa. Hitimisho: Ubongo unahisi watu. Tena unawatambua! Nimeanza kufikiria mbali. Nani anataka boya wakati anaweza kupata mlinzi?

Katikati ya furaha hiyo akabisha hodi yule fundi cherehani. Sijawahi kumwona kwangu. Shati limepigwa pasi mpaka linakata, nywele zimechanwa na maji. Akasema samahani kwa usumbufu, kuna jambo la kifamilia angependa kunieleza kabla halijafika mbali. Nikajua ni lile koti. Nikamkalisha, nikamwambia asiwe na shaka, tatizo la maji linakaribia kwisha, na nikamweleza pini moja baada ya nyingine, ipi inasikiliza na ipi inaamuru. Mara kwa mara alifungua mdomo. Nilimwonea huruma, alikuwa na maswali mengi, lakini sikutaka kumchanganya. Mwishoni akasimama, akasema labda siku nyingine, akaenda zake kichwa chini. Sayansi huwachosha watu.

Mke wangu akauliza Fundi alitaka nini. Nikasema alitaka kujua kuhusu pini. Akanitazama namna anavyotazama mkate ulioota ukungu, akachukua ile karatasi ya maelekezo kutoka mfuko wa suruali yangu aliyokuwa anakwenda kuifua, akaisoma amesimama. Akasema Ubongo hauhisi mtu yeyote. Pini ya kuingiza isiyounganishwa na kitu inaning'inia hewani, na inaokota kila upepo wa umeme unaopita, wa mkono, wa beseni, wa chujio. Inabidi ishikiliwe mahali pamoja.

Nikasema najua. Nikaichukua karatasi, nikajifungia chooni kuisoma. Ni kweli. Ndani ya kibao kuna kitu ambacho ukikiomba kinaivuta pini juu na kuishikilia, isitangetange. Unaandika neno moja tu kwenye programu, basi. Kulikuwa na sentensi nyingine baada ya hapo, inaanza na "Kumbuka kwamba", lakini mke wangu aligonga mlango, naye ana haki na choo pia.

Nimeiandika programu upya. Pini ikisoma moja, tangi limejaa, zima pampu. Ikisoma sifuri, tangi halijajaa, washa. Moja ni nyingi kuliko sifuri, kama vile kujaa ni kwingi kuliko kupungua. Mtoto wa shule angeelewa.

Alhamisi, 8 Mei

Ujasusi.

Baada ya kazi nimepita karakana ya Baridi nikijifanya nauliza bei ya mpira wa mlango wa friji. Nilimkuta anasafisha boya lake. Jekundu, duara, kubwa kama kichwa cha mtu mwenye kiburi. Limekaa mezani linang'aa. Hata waya halina! Nimelionea huruma.

Lakini sikiliza hili. Pembeni, kwenye kiti cha wateja, alikuwa amekaa fundi cherehani! Walikuwa wananong'ona. Walivyoniona, kimya. Fundi akaangalia viatu vyake. Baridi akakohoa kikohozi cha mtu asiye na kifua. Nikaelewa papo hapo. Fundi ni mpelelezi! Ndiyo maana alikuja kwangu jana na maswali. Amenifyonza siri zote za pini na kuzileta kwa mpinzani.

Baridi akanimiminia chai, akaniuliza kama nahitaji msaada wa kufunga ile relei, yaani swichi ambayo Ubongo utaiamuru nayo ndiyo iwashe pampu, maana umeme wa pampu si wa kuchezea. Wema wa ghafla! Nilikataa kwa tabasamu la baridi kuliko jina lake. Chai nilikunywa. Ilikuwa tamu.

Nimemweleza mke wangu kuhusu njama hiyo. Akaniuliza kama nimewahi kutazama shati la Fundi siku hizi, na kama nimewahi kulitazama gauni la mama yake. Nikamwambia huu si wakati wa mitindo.

Ijumaa, 9 Mei

Tumefunga! Nimeomba ruhusa ya nusu siku. Bosi aliitoa haraka ajabu.

Mke wangu alishughulikia relei na umeme mkubwa wa pampu, akazima kila kitu kwanza kwenye swichi kuu, kwa kuwa anapenda kuishi. Mimi nilipanda ngazi, Mama akaishika chini. Ndani ya tangi nimening'iniza swichi yenye kiboya kidogo. Maji yakipanda, kinanyanyuka, swichi inafunga. Maji yakishuka, kinaning'inia, swichi inaachia. Ubongo wenyewe nimeuweka ndani ya kopo tupu la siagi, nimelifunga kwa utepe wa gundi. Pini moja ya kuingiza kwa ajili ya kiboya, pini moja ya kutoa kwa ajili ya pampu. Sanaa!

Mke wangu aliniuliza kama nimesoma karatasi yote. Nikasema yote. Akalazimika kurudi kazini.

Nikawasha. Tangi lilikuwa karibu tupu. Pampu kimya. Nikasubiri. Kimya. Nikamweleza Mama kwamba Ubongo unatafakari, hauna papara kama pampu za kizamani. Mama akasema sawa baba, akaingia kuoga.

Punde nikasikia sauti yake bafuni, na haikuwa ya wimbo.

"Mkwe! Mkwe wangu! Maji yamekatika na mimi nina povu mpaka machoni!"

Nilipanda ile ngazi sijui kwa miguu mingapi. Nikachungulia tangini: tone. Kwa kuhangaika nikakishika kile kiboya, nikakinyanyua. Pampu ikanguruma! Nikakiachia. Ikanyamaza. Nikakinyanyua. Ikanguruma! Hapo nikaelewa kila kitu. Kiboya kilikuwa kinahitaji moyo tu, wa kunyanyuliwa. Nikavua kamba ya kiatu changu cha kushoto nikakifunga kiboya juu kabisa, kisishuke tena. Maji yakapanda yanacheka. Mama akamaliza kuoga. Akatoka amejifunga kitambaa kichwani, macho mekundu, akasema asante kwa sauti ndogo.

Nimerudi nyumbani kiatu kimoja kinapwaya, moyo umejaa. Kitu kinafanya kazi! Nimekipangusa kile kibao cha jina.

Jumamosi, 10 Mei

Yaliyotokea leo yasingetokea kama watu wangenipa muda.

Nilikuwa dukani namchanganyia mtu pinki. Mlangoni akasimama fundi cherehani, futi ya kupimia shingoni, amelowa kuanzia kiunoni kwenda chini. Akasema, bado kwa upole ule ule, kwamba hakuja kugombana.

"Nataka tu kuuliza, bwana. Huo Ubongo, unalala saa ngapi? Maana maji yanakuja tangu asubuhi. Mashati ya kwaya yote yanaelea uani. Shati la mwalimu wao nimelikuta barabarani."

Nikamuuliza kama alikuwa ametumwa na Baridi. Hakuelewa. Au alijifanya.

Nilipofika kwa Mama, mtaa wote ulikuwa umevaa kandambili. Maji yanamwagika kutoka kwenye paa kama pazia la ukumbini. Mama yuko upande wa pili wa ukuta, nguo ameipandisha magotini, anakamua mashati pamoja na Fundi aliyekuwa ameshafika kabla yangu. Nimekuta wanacheka. Mshtuko humfanya mtu acheke.

Baridi alikuwa pale. Bila shaka alikuwa pale! Alikuwa ameshachomoa waya wa pampu. Hakunidhihaki hata kidogo. Simsamehi hilo.

Nimerudi na kopo la siagi kwapani. Mke wangu akafuta meza, akakaa, akafungua programu, akaiweka ile karatasi pembeni na kuisoma kwa sauti. Sentensi inayoanza na "Kumbuka kwamba" inaendelea hivi: kumbuka kwamba pini iliyovutwa juu inasoma moja wakati swichi imeachia, na inasoma sifuri pale swichi inapofunga. Yaani kinyume! Tangi tupu ni moja. Tangi lililojaa ni sifuri. Kwa hiyo Ubongo wangu ulikuwa unaona tangi tupu na kupumzika, unaona tangi limejaa na kuchapa kazi.

Nani aliyebuni kitu cha namna hiyo? Kwa nini kutulia kuitwe moja? Nitamwandikia barua.

Mke wangu akabadilisha moja ikawa sifuri na sifuri ikawa moja. Ilimchukua muda wa kupiga chafya. Nikamwambia ndipo nilipokuwa naelekea.

"Najua," akasema. "Nimekufupishia njia tu."

Akaniuliza kuhusu kamba ya kiatu. Nikasema ipo tangini, kwa sababu za kiufundi. Akacheka mpaka akajishika kwenye jokofu. Sikuona kichekesho, ila nilijikuta nacheka nami, sijui kwa nini. Ana kicheko kinachoambukiza, huyu mwanamke.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya hukumu.

Nilifika mapema na Ubongo uliorekebishwa. Mke wangu akapanda kukifungua kiboya, akanirudishia kamba yangu, nikaivaa ikiwa imelowa. Shemeji akaja. Baridi akaja na boya lake chini ya kwapa kama mpira. Fundi akachungulia juu ya ukuta, mwavuli mkononi, japo jua lilikuwa linawaka.

Tukamwaga maji ya tangi mpaka yakashuka. Pampu ikawaka yenyewe! Tukasubiri. Shemeji alikuwa ameziba masikio, sijui alitarajia nini. Maji yakapanda, kiboya kikanyanyuka, na pampu ikanyamaza. Tiki! Hata tone. Ukuta mkavu. Baridi mwenyewe akapiga makofi ya kwanza, akasema kazi nzuri, boya lake anaweza kulifunga hapo hapo kama akiba. Nikainua mikono. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi kuhusu mustakabali.

Lakini Mama hakupiga makofi. Aliutazama ukuta mkavu, akasema vizuri sana wanangu, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka.

Fundi akaufunga mwavuli wake pole pole.

"Kwa hiyo maji hayatakuja tena," akasema.

"Hayatakuja," Mama akajibu.

"Basi mimi nitakuwa nakuja kulalamikia nini?"

Mama akainama. Kisha akainua uso. Nina hakika nimeshawahi kuuona uso ule, ila siyo kwake. Ni kwenye picha iliyo ukutani, ya zamani, kabla hajawa mama wa mtu.

"Njoo tu," akamwambia. "Si lazima ulalamike."

Mimi nikakohoa. Nikakumbusha kwa adabu suala la chumba cha mbele, kwamba sharti lilikuwa ni kulifanya tangi lisimwage.

Mama akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akasema atatuambia ukweli, tucheke akimaliza. Tangi hilo halijawahi kumshinda. Miaka yote aliyoishi na marehemu baba wa wake zetu pampu ilikuwa hiyo hiyo, na wala haikuwahi kusahauliwa. Ni yeye aliyekuwa anaiacha. Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya kweli, Fundi akaja kulalamika, akalalamika vizuri. Akanywa chai, akamsikiliza. Tangu mume wake afariki hakuna aliyekuwa amekaa kwenye kile kiti akamsikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Basi maji yakawa yanamwagika. Siku ya koti la bwana harusi ndipo alipojiona amevuka mpaka, mali ya watu ile! Akaona bora atuambie tulifunge tangi, asiweze kulimwaga hata akitaka.

"Ila ya jana si yangu," akasema na kunielekezea kidole. "Ya jana ni ya huyu na siagi yake."

Fundi alikuwa ameshazunguka na kuingia getini. Akasema na yeye ana la kusema. Lile koti alilianika makusudi upande ule. Kamba nyingine alikuwa nayo, kavu, upande wa pili. Bwana harusi ameshamshonea jingine.

Mke wangu na dada yake walikuwa wameshikana mikono wanalia na kucheka kwa pamoja. Kumbe walijua. Baridi alijua! Alhamisi Fundi alikuwa amekwenda kwake kuomba njia ya kumposa Mama, mkwe mmoja wa nyumba azungumze na wenzake, ifanyike kwa heshima. Nikauliza kwa nini hakuja kwangu mimi niliye mkwe mkubwa. Fundi akasema alikuja. Alikuja Jumatano. Akasema sasa anajua mengi sana kuhusu pini.

Chumba cha mbele amepewa Fundi. Cherehani inahamia Jumanne.

Baridi akalibeba boya lake kwenda juu ya paa, anapiga mluzi. Mtu gani huyu asiyejua kushindwa!

Jumanne, 13 Mei

Nimefikiri sana na sasa nipo sawa. Zaidi ya sawa.

Kwanza, Baridi hakukipata chumba. Hilo ni jambo kubwa na naona halizungumzwi vya kutosha.

Pili, tumehamisha cherehani leo. Nilishika upande mmoja, Baridi mwingine, Fundi akatembea nyuma yetu akiomba tusiidondoshe. Dirisha la barabarani lina mwanga mzuri. Mama ameweka kiti chake karibu na mlango, eti anashona vifungo. Tangu nimjue hajawahi kushona kifungo. Alishona kile kile mara kadhaa. Anapendeza, nakiri. Harusi ndogo, wamesema, ndugu tu na majirani, hapo hapo uani.

Hapo hapo uani! Na uani pana nini? Pana mlango wenye pazia, ambamo bibi harusi atatokea. Nani atalivuta pazia hilo? Mkono wa mtu? Katika zama hizi?

Nimenunua kibao kikubwa zaidi. Pini zimekizunguka pande zote kama meno ya kitana. Bibi harusi anakaribia, pazia linafunguka lenyewe, taa zinawaka, feni inapuliza maua, na muziki unaanza. Baridi ataleta zawadi ya friji, kama kawaida yake, na hakuna atakayeliangalia.

Mke wangu aliniangalia nikifungua boksi. Akaketi mbele yangu, akanishika mikono yote miwili, akauliza kwa utulivu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa anayempenda, nimejifunza nini katika yote yaliyotokea. Nilifikiri kweli. Nikamjibu kwamba tatizo lilikuwa uchache wa pini.

Akaenda kumpigia dada yake simu. Namsikia anacheka huko chumbani.

Karatasi ya maelekezo safari hii ni nene, kitabu kizima, imekuja wakati mzuri. Nimeikunja na kuiweka chini ya mguu wa meza na sasa meza haitikisiki kabisa. Programu nimeshaianza. Ya pazia, ya taa, ya feni, ya muziki: pini zote nimeziweka za kutoa.

Za kuingiza, sijaona kazi yake.